Uzi: Daktari wa jicho moja aliyetibu watoto wenye uvimbe wa taya Mulago. Kwa nini hatumjui, na kwa nini bado tunazika?

#1 Mzalendo wa Ziwa
Wakuu, habari za jioni.

Kuna jambo limenikaa rohoni wiki nzima. Mnaijua ile saratani ya watoto inayovimbisha taya mpaka meno yanalegea na jicho linasukumwa nje? Inaitwa limfoma ya Burkitt. Jina ni la Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyezaliwa Enniskillen, Ireland, 1911. Jicho la kulia alilipoteza akiwa mtoto. Alifika Uganda 1946, akaanzia Lira, baadaye akahamia hospitali ya Mulago, Kampala.

Mwaka 1957 mwenzake, Dk. Hugh Trowell, alimwita wodini amtazame mtoto wa kiume aliyevimba taya pembe zote nne, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt alikwama. Jipu halishiki pembe nne kwa mpigo. Wiki chache baadaye yuko hospitali ya Jinja, akatupa jicho dirishani, akamwona msichana kakaa nje na mama yake, uso uleule. Akatoka, akampima, akakuta na tumboni kuna uvimbe. Angeweza kuendelea na kazi zake za siku. Yeye akarudi Mulago akaanza kufukua mafaili ya wagonjwa waliotangulia, na 1958 akachapisha alichokiona.

Miaka michache baadaye watoto hao wakaanza kupewa dawa, na wapo waliopona kwa dozi moja au mbili. Miaka ya 60, Kampala!

Dai langu ni hili: saratani ya kwanza ya watoto kuponywa kwa dawa tupu, bila kisu wala mionzi, iliponywa hapa kwetu kwenye Ziwa. Mbona shuleni hatukuambiwa? Na mbona mpaka leo tunazika watoto wenye ugonjwa huohuo?

#2 Kijana wa Kimara
Nimewahi nafasi ya mbele. Mzalendo akianzisha uzi lazima Ziwa litajwe, hata ungekuwa uzi wa theluji. Endelea mkuu, tunasoma.

#3 Dkt Asiye na Koti
Mleta uzi, hongera, ila tuweke sawa mambo mawili.

Kwanza, Burkitt hakubuni dawa. Alikuwa mtu wa kisu. Dawa zilitokana na kazi ya Sidney Farber, mtaalamu wa patholojia wa hospitali ya watoto Boston. Farber aliona watoto wenye saratani ya damu wakipewa asidi ya foliki, ugonjwa unapamba moto. Akajiuliza: je, nikiwanyima? Mkemia mzaliwa wa India, Yellapragada Subbarow, aliyekuwa kampuni ya Lederle, akamtengenezea dawa zinazoizuia foliki. Mwaka 1948 Farber akatangaza matokeo: watoto 16, kati yao 10 walipata nafuu ya wazi. Nafuu ya miezi tu, ugonjwa ukarudi. Lakini kabla ya hapo mtoto wa namna hiyo alikuwa anasubiri siku zake.

Na hiyo foliki yenyewe, akina mama, ndiyo mnayopewa kliniki mkiwa wajawazito. Aliyefungua mlango wake ni daktari mwanamke, Lucy Wills, aliyekuwa anachunguza upungufu wa damu kwa wajawazito wa viwanda vya nguo Bombay, karibu na 1930.

Pili, Mulago hakukuwa na mashine ya mionzi. Na taya za mtoto pamoja na tumbo huwezi kuzikata zote. Kwa hiyo madaktari Joseph Burchenal na Herbert Oettgen wa New York walipokuja na methotreksati, binamu wa ile dawa ya Farber, Burkitt hakuwa na njia nyingine. Uhaba ndio uliozaa jaribio safi. Kwa wenzetu wenye mashine, nani angethubutu kutoa dawa peke yake?

#4 Mzalendo wa Ziwa
Daktari asante, nakubali kurekebishwa. Lakini umenisaidia kuliko ulivyonipinga. Farber alipata nafuu ya miezi. Kampala wakapata watoto waliokua wakaoa. Nani alitangulia KUPONYA?

#5 MamaJunior_Bunda
Samahanini, mimi si msomi wa haya mambo. Nimeingia kwa sababu ya hilo neno taya.

Mwanangu alikuwa na miaka sita. Jino likalegea, tukasema anabadilisha meno, umri wake huo. Zahanati moja wakaling'oa. Likalegea la pili, wakang'oa. Shavu likazidi kuvimba, tukapewa dawa za usaha. Wiki ya tano mama mkwe akasema huyu karogwa, tukapoteza siku nyingine huko. Aliyetuokoa ni tabibu mmoja kijana aliyemtazama mtoto mdomoni kwa tochi ya simu, akanyamaza, akaniandikia barua palepale ya kwenda hospitali ya kanda. Akaniambia, "Mama, usilale nyumbani leo."

Tuliuza mbuzi wanne. Walichukua kinyama, majibu tukayangoja. Alipopigwa dripu ya kwanza ya kemo, jamani, siku ya nne uso wa mwanangu ulirudi. Nilikuwa nimeanza kuusahau. Nililia mpaka nesi akadhani nimefiwa.

Leo yuko darasa la nne. Sikujua kwamba dawa ile ilijaribiwa kwanza kwa watoto wa jirani zetu. Kama wazazi wao wapo hai, Mungu awape umri.

#6 Kijana wa Kimara
Mama Junior, pole sana na hongera. Utani wangu nimeuweka pembeni kwa dakika kumi.

#7 Fundi Maabara
Ninaongeza kuhusu siku ya nne aliyosema Mama Junior (#5). Hiyo si bahati. Seli za uvimbe huu zinagawanyika haraka kupita karibu saratani zote za binadamu. Uvimbe unaweza kuwa mara mbili ndani ya siku moja au mbili. Dawa za kemo zinawinda seli zilizo katikati ya kugawanyika. Hapa karibu zote ziko katikati ya kugawanyika, kwa hiyo zinaanguka pamoja.

Lakini kuna hatari. Seli nyingi zikifa kwa mkupuo, takataka zake zinaingia kwenye damu na kuziba figo. Ndiyo maana kabla ya dripu ya dawa mtoto anajazwa maji mengi na kupewa alopurinoli, dawa ya kulinda figo. Wauguzi wanaopima mkojo usiku kucha kwenye wodi hizo wanafanya nusu ya uponyaji, na hawatajwi popote.

Kwa hiyo jibu la "kwa nini dozi moja ilitosha" ni kasi ya uvimbe.

#8 Mpwa wa Mulago
Fundi, sikubaliani kikamilifu. Kasi inaeleza kwa nini uvimbe unayeyuka, haielezi kwa nini haukurudi kwa baadhi ya watoto waliopata dozi kidogo mno. Burkitt mwenyewe alidhani kinga ya mwili ya mtoto inamalizia kazi iliyoanzwa na dawa. Na wapo wengi ambao ULIRUDI, hasa kwenye ubongo na uti wa mgongo, kwa sababu dawa ya mshipani haifiki kule vizuri. Ndiyo maana siku hizi wanachoma sindano ya mgongoni pia.

Halafu, Mzalendo, umemsimamisha Burkitt peke yake kama mnazi shambani. Yeye aliuona ugonjwa na kuupa ramani. Utafiti wa matibabu wenyewe, wa kupanga dozi, kulinganisha dawa, kufuatilia watoto mpaka vijijini, uliendeshwa na kituo cha limfoma kilichofunguliwa Mulago 1967 kwa ushirikiano wa Makerere na taasisi ya saratani ya Marekani. Mkurugenzi wa kwanza alikuwa kijana Mmarekani, John Ziegler. Aliondoka 1972, mwaka uleule Amin alipofukuza Waasia, na Mganda Charles Olweny akashika usukani. Fikirieni kuendesha majaribio ya dawa za saratani Kampala ya miaka ile. Na waliendesha.

#9 Nyar_Homabay
Na Kenya je? Mbona mnaruka Nairobi? Peter Clifford, daktari wa masikio, pua na koo, alikuwa anawatibu watoto hawa Nairobi miaka hiyohiyo ya mwanzo wa 60, kwa methotreksati na siklofosfamidi. Na Afrika Magharibi kulikuwa na Mkameruni, Victor Anomah Ngu, aliyekuwa Ibadan. Tuzo ya Lasker, tuzo kubwa ya tiba ya Marekani, ya 1972 waliyopewa mabingwa wa kemo ina majina ya Burkitt, Burchenal, Ziegler na NGU. Mwafrika mweusi kwenye orodha ile, na sisi hatumfundishi. Mzalendo, uzi wako ungeanza na huyo.

#10 Mzalendo wa Ziwa
Nyar, nimepigwa na nimekaa chini. Ngu sikumjua kabisa. Shukrani.

#11 Dkt Asiye na Koti
Orodha hiyohiyo ina mtu ninayempenda kuliko wote: Donald Pinkel. Alipata polio akiwa daktari kijana jeshini. Mwaka 1962 ilifunguliwa hospitali ya St. Jude kule Memphis, kusini mwa Marekani, yeye akiwa mkurugenzi wake wa kwanza, wakati ambao weusi na weupe hawakuruhusiwa kula meza moja, na yeye akawalaza watoto wote wodi moja. Wakati huo madaktari Frei na Freireich wa taasisi ya saratani ya Marekani, Bethesda, walikuwa wameshaanza kuchanganya dawa nne kwa pamoja. Pinkel akasema tusitafute nafuu, tutafute KUPONA. Akapanga hatua: kuuvunja ugonjwa, kuufuata mpaka kwenye ubongo ulikojificha, kisha dawa za muda mrefu, miaka miwili mitatu. Mwishoni mwa miaka ya 60 karibu nusu ya watoto wenye saratani ya damu wakawa wanapona. Nusu! Madaktari wengi hawakumwamini.

Kwa hiyo Mzalendo, ukiniuliza nani alitangulia kuponya, nitakuambia inategemea unahesabu saratani ipi. Limfoma ya taya, Kampala na Nairobi. Saratani ya damu, Memphis. Na vyote vinarudi kwa Farber.

#12 Nyar_Homabay
Vyote vinarudi kwa mama zetu waliokubali watoto wao wachomwe sindano isiyojulikana.

#13 Pwani Kwetu
Assalaam aleikum. Mmezungumza dawa, chanzo je? Oktoba 1961 Burkitt na madaktari wamishonari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu aina ya Ford, wakasafiri wiki kumi, kilomita kama 16,000, kutoka Kampala kupitia Tanganyika mpaka Afrika Kusini. Kila hospitali wanaonyesha picha: mmewahi kuona mtoto wa namna hii? Wakapata ramani. Ugonjwa uko kwenye joto na mvua, unakatika kwenye nyanda za juu, kwenye usawa wa ikweta ni kama mita 1,500. Haddow wa Entebbe, mtaalamu wa mbu, akawaambia huo mpaka si wa kimo, ni wa joto.

Mbu, kwa hiyo malaria. Na kwetu Unguja na Pemba, malaria ilikopigwa vita mapema, ugonjwa ulikuwa nadra. Hiyo ndiyo hoja.

#14 Fundi Maabara
Pwani Kwetu, malaria ni nusu. Kuna kirusi. Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara London, na Anthony Epstein alikuwa amekaa ukumbini. Akaomba vipande vya uvimbe visafirishwe kwa ndege kutoka Kampala. Miaka miwili hakuona kitu. Desemba 1963 ukungu ukaifunga London, ndege ikashushwa Manchester, kipande kikachelewa, kimiminika kikafika kimechafuka, hakionyeshi. Mwingine angesema kimeoza, mwaga. Epstein akatazama tone kwenye hadubini: seli hai zinaelea. Akaziotesha, na 1964 yeye, Yvonne Barr na Bert Achong wakatangaza kirusi, cha kwanza kujulikana kusababisha saratani kwa binadamu.

#15 Nyar_Homabay
Lakini hicho kirusi karibu kila mtu duniani anacho! Mzungu anakipata ujanani anaumwa koo, basi. Kwa nini kwetu kigeuke uvimbe?

#16 Fundi Maabara
Ndiyo maana malaria inarudi mezani. Pamoja na hitilafu kwenye kromosomu, zile nyuzi za urithi ndani ya seli: kipande cha namba 8 kinahamia mahali pasipo pake, mara nyingi namba 14. Nani anaanza na nani anamaliza, hapo bado watu wanabishana.

#17 Mwana wa Boma la Minyaa
Nami niulize. Usukumani tulizungushia boma minyaa, ile yenye utomvu mweupe unaopofusha macho. Nilisikia watafiti wakisema utomvu huo unaamsha kirusi, na watoto wanauchezea. Ni kweli?

#18 Dkt Asiye na Koti
Umesikia sawa, dhana ipo na kazi za maabara zipo zinazoonyesha utomvu ule unaweza kukichokoza kirusi. Kutoka maabara mpaka kusema ndio uliomuumiza mtoto fulani ni safari ndefu. Binafsi simo upande huo. Watoto walikatazwa kuchezea minyaa tangu enzi za babu, kwa sababu ya macho.

#19 Mwana wa Boma la Minyaa
Waliokatazwa ndio waliochezea, daktari. Mimi mmojawapo.

#20 Kijana wa Kimara
Dakika kumi zimekwisha. Huyu Burkitt si ndiye baadaye aliyewaambia Wazungu wale vyakula vya nyuzinyuzi? Mama yangu ananipikia dona kwa lazima kwa sababu ya mtu huyu?

#21 Mpwa wa Mulago
Ndiye huyohuyo. Alirudi Uingereza katikati ya miaka ya 60, na sehemu ya pili ya maisha yake aliitumia kueleza kwa nini Waafrika wa vijijini hawakuwa na magonjwa ya utumbo yaliyojaa London. Alifariki 1993. Msikilize mama yako, kula dona.

#22 Mzee wa Utegi
Wanangu, nimesoma uzi wote pole pole kwa miwani. Nimezaliwa Rorya, North Mara ya zamani. Mwishoni mwa miaka ya 70 nilikuwa mtoto mdogo. Walikuwa wanakuja watu wa afya na vidonge vya klorokwini, tunapanga mstari, tunameza mbele yao, vichungu kama nyongo. Usiku tunajikuna mwili mzima mpaka mama anatupaka mafuta. Mimi nilikuwa nakificha chini ya ulimi na kukitema kwenye mihogo. Hatukuambiwa kwa nini tumeze na hatuna homa. Je, kina uhusiano na haya mnayosema?

#23 Fundi Maabara
Mzee, shikamoo. Nywele zimenisimama.

Ndiyo. Kati ya 1977 na 1982 kulikuwa na mradi North Mara wa kuwapa watoto klorokwini kuikandamiza malaria, ili ionekane kama limfoma ya Burkitt nayo itapungua. Hospitali ya Shirati ilihusika kutambua wagonjwa. Matokeo yalichapishwa 1989. Ugonjwa ulipungua miaka ile, lakini ulikuwa umeanza kupungua KABLA ya vidonge, kwa hiyo hawakuweza kusema ni klorokwini iliyofanya. Swali likabaki wazi.

Wewe ni mmoja wa watoto waliolibeba hilo swali tumboni.

#24 Pwani Kwetu
Tena kama wengi walitema kwenye mihogo, matokeo yangekuwaje safi? Mzee Utegi huenda umetuharibia hoja yangu ya malaria!

#25 Mzee wa Utegi
Marahaba. Nisameheni, nilikuwa na miaka mitano. Wangeniambia ni kwa ajili ya watoto wa taya, ningemeza. Nilikuwa namjua mmoja. Alikuwa jirani, tulichunga pamoja. Aliondoka na shangazi yake kwenda hospitali na hakurudi.

#26 MamaJunior_Bunda
Pole baba.

#27 Nyar_Homabay
Turudi swali la pili la mleta uzi, maana tunalikwepa. Dawa zipo tangu miaka ya 60. Shirika la Afya Duniani linasema kila mwaka watoto kama 400,000 wanapata saratani. Nchi tajiri wanapona zaidi ya asilimia 80, nchi maskini chini ya 30. Lengo lao ni asilimia 60 ifikapo 2030. Kwa nini pengo lote hili? Mimi nasema umaskini wa nauli. Mama anapewa tarehe ya dozi ya pili, uvimbe umeyeyuka, mtoto anacheza, nauli haipo. Anabaki nyumbani. Ukirudi, unarudi na hasira.

#28 Mpwa wa Mulago
Mimi nasema wataalamu. Prof. Jackson Orem kwa miaka kadhaa alikuwa daktari bingwa wa saratani pekee Uganda nzima. Nchi ambayo dunia ilijifunzia kemo ya watoto! Vita na uhamisho vilikata mnyororo wa kufundishana. Majengo mapya yapo sasa, lakini kizazi kimoja cha walimu kilipotea.

#29 Fundi Maabara
Na maabara. Kinyama kikikaa wiki tatu kusubiri majibu kwa uvimbe unaozidi mara mbili kila siku mbili, pigeni hesabu wenyewe.

#30 Dkt Asiye na Koti
Mimi nitasema jambo lisilopendeza wenzangu wa kazi: ni sisi wa ngazi za chini. Mama Junior kaeleza vizuri (#5). Meno mawili yaling'olewa kabla ya mtu kuwasha tochi. Burkitt hakuwa na kipimo chochote cha ajabu siku ile Jinja, alichungulia dirishani akakumbuka uso aliouona mahali pengine. Mtoto wa miaka minne hadi tisa, meno ya nyuma yanalegea kwa wakati usio wake, shavu linavimba bila maumivu makali: usishike koleo, andika barua ya rufaa.

#31 Mwana wa Boma la Minyaa
Na wazazi je? Tusiwasukumie matabibu yote. Wiki za kwa mganga nazo zihesabiwe.

#32 MamaJunior_Bunda
Zihesabiwe, sikatai. Lakini nilikwenda kwa mganga baada ya zahanati kunishinda, sikuanzia huko. Na nauli ya dozi ya tatu nilikopa kwa mwenye duka, ya nne nilichangiwa na kwaya. Kama kwaya isingekuwepo ningekuwa yule mama anayesemwa na Nyar. Kila mmoja wenu hapo juu kasema kipande cha safari yangu.

#33 Mzalendo wa Ziwa
Mama Junior, mtoto anahudhuria kliniki mpaka sasa?

#34 MamaJunior_Bunda
Mara moja kwa mwaka. Jumanne ijayo ndiyo siku yake. Safari hii nauli ninayo. Nikimaliza nitapita wodini nikae na wale wapya, mama wengine wakiona uso wa mtoto wangu wanatulia.

#35 Mzee wa Utegi
Nimempigia dada yangu mkubwa simu usiku huu, naye alikuwa kwenye ule mstari. Nimemuuliza kama alikuwa anatema. Amesema hapana, yeye alimeza vyote, na vyangu alivyoviokota kwenye mihogo alimrudishia yule mhudumu wa afya. Fundi, kama kuna mahali majina yetu yaliandikwa, wekeni kwamba mimi sikumeza.